Daftari la Mzee na Simu ya Kijana: Wazee na Vijana Kufanya Kazi Pamoja Katika Miradi ya Sharika



Katika ziara zetu za ufuatiliaji tumezoea kuulizwa juu ya mvua, mbegu na bei ya alizeti. Lakini kwa muda sasa kuna swali jingine ambalo wanakamati hulileta kikao kikishafungwa, tukiwa tunaelekea kwenye gari: tufanyeje ili wazee na vijana wafanye kazi moja bila kugombana? Tunapenda kulijibu kwa kueleza mambo yaliyotokea katika mradi mmoja wa mashine ya kukamua alizeti. Usharika hatutautaja, kwa kuwa wahusika ni majirani na bado wanaonana kila Jumapili.

Mradi huo una ghala dogo. Mkulima huleta magunia yake, yanapimwa na kuhifadhiwa mpaka aamue kukamua au kuuza. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliposhuka sana, wakulima waliona heri kusubiri, na ghala likajaa kuliko wakati wowote. Mtunza ghala alikuwa mzee wa miaka 67, mwaminifu, ambaye hakupokea gunia bila kuuma punje mbili tatu kuona kama zimekauka. Hilo si jambo dogo. Alizeti yenye unyevu ikirundikwa hupata joto, huota ukungu na kuharibu magunia ya jirani. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 24, mhitimu wa kidato cha nne, ambaye sisi wenyewe tulimpeleka kwenye mafunzo ya kutunza kumbukumbu.

Mzee aliandika kwenye kaunta buku lake. Kijana aliandika kwenye simu yake. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Miezi minne baadaye simu ikaanguka ndani ya ndoo ya maji na haikuwaka tena. Tulipoomba daftari la mzee tukakuta lina vistari, alama za msalaba na majina ya watu kwa lakabu za utotoni. Mwenyewe alilisoma vizuri, isipokuwa kurasa za wiki mbili alizokuwa mgonjwa. Wiki hizo mbili zilikuwa kwenye simu. Wakulima 14 walikuwa na magunia ghalani, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa uhakika nani ana mangapi.

Tulikaa siku 3 tukihesabu, mkulima mmoja mmoja, mbele ya mashahidi. Mama mmoja mjane alisema aliweka magunia 6, ushahidi ulionyesha 4. Kamati ilimlipa yote 6 kutoka fungu lake la mauzo ya mashudu. Baada ya hapo mzee alikabidhi funguo, akasema hataki kuitwa mwizi uzeeni. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemwita hivyo.

Kwa nini kila mmoja alificha kumbukumbu zake? Jibu la haraka ni kwamba wazee ni wagumu na vijana hawana adabu. Tumelisikia jibu hilo katika sharika nyingi na hatulikubali. Wazee walio katika kamati zetu leo walikuwa watoto au vijana wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na ununuzi wa mazao ukapewa mamlaka za mazao. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Aliyeyaona hayo, au aliyesimuliwa na baba yake, alijifunza kwamba mali iliyo mikononi mwa ofisi inaweza kuondoka siku moja. Basi huandika mwenyewe, kwa alama anazozijua mwenyewe, na daftari hulala chini ya godoro.

Kijana naye ana mambo yake. Vijana wa rika hili waliingia darasa la kwanza baada ya ada ya shule ya msingi kufutwa na mpango wa MMEM kuanza mwaka 2002, wakaendelea katika shule za kata zilizoenea kwa mpango wa MMES ulioanza mwaka 2004. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 walikuwa watoto. Kwao fedha ni ujumbe wenye tarehe, saa na namba ya muamala, na kisicho na ujumbe wanakitilia shaka. Kijana wetu aliliona daftari la mzee kama mahali pa kufichia mambo. Mzee aliiona simu vivyo hivyo. Wote wawili walikuwa wanalinda mali ya wakulima, kila mmoja dhidi ya mwenzake.

Na sisi wa umri wa kati, tunaoandika ripoti hizi, tuna sehemu yetu ya lawama. Fomu ya mradi ilikuwa na safu ya idadi ya vijana waliopata mafunzo, basi tukawaalika vijana peke yao. Mzee alibaki nyumbani akipokea magunia, na katika ripoti yetu ya robo mwaka tulimwandika kuwa ni mlinzi wa ghala. Aliyekuwa akibeba dhamana ya mali yote tulimfanya mtu wa rungu na tochi. Alikuja kuisoma ripoti hiyo.

Tangu wakati huo utaratibu umebadilishwa, na sharika nyingine 2 zimeuiga. Kila gunia hupokewa na watu wawili wa rika tofauti: mmoja hukagua ukavu na kusimamia mizani, mwingine huandika. Stakabadhi ni nakala tatu za karatasi, ya mkulima, ya ghala na ya mweka hazina, na wapokeaji wote wawili hutia sahihi. Jioni kijana hupiga picha ya ukurasa wa siku hiyo na kuituma kwenye simu za wajumbe wawili wa kamati. Simu ikifa, karatasi ipo, na karatasi ikiliwa na mchwa, picha ipo. Tulidhani wazee wangekataa picha. Waliokataa kwanza walikuwa vijana, kwa sababu ya gharama ya bando, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Kamati sasa hulipia.

Jambo gumu zaidi ni vikao. Kwa mila zetu kijana anayemwita mwenzake "baba" hawezi kusimama mbele za watu na kusema baba amekosea. Hunyamaza, kisha jioni huandika yote kwenye kundi la WhatsApp ambamo wazee hawamo. Kesho yake habari zinamfikia mzee zikiwa zimeongezwa chumvi. Hatukutaka kuwafundisha vijana kujibizana na wazee, wala kuwaambia wazee waache kuamkiwa shikamoo. Tulichofanya ni kusoma hesabu kwa sauti mwanzoni mwa kikao, zikiwa zimeandikwa ubaoni. Hesabu isipolingana, kinachoulizwa ni hesabu, si mtu. Na panapotokea kosa la mzee, wa kwanza kumwendea ni mzee mwenzake, nyumbani, kabla ya kikao.

Upande wa pili nao una kasoro yake. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtambua kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Katika kamati zetu tumemkuta baba wa watoto watatu, mwenye miaka 38, bado anatumwa kuleta viti na hajawahi kuulizwa mashine mpya inunuliwe wapi. Tunashauri kila kamati iwape vijana uamuzi mmoja ulio wao kweli, wenye fedha ndani yake, na wakikosea wakosee wao. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa vijana wa umri huo ni zaidi ya theluthi moja ya Watanzania wote. Hawawezi kungoja viti.

Kwa sharika zenye watumishi wa kuajiriwa, kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa umri kazini, na katazo hilo linamlinda mkongwe sawa na anayeanza kazi.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi. Tunafahamu kwa nini fedha hutengwa kwa makundi. Hata halmashauri zetu, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024, na imewafaa wengi. Lakini mwanamume wa miaka 60 asiye na ulemavu hayumo katika kundi lolote kati ya hayo, naye ndiye ajuaye shamba lipi hutuamisha maji na mbegu ipi iliota mwaka wa ukame. Mkitupatia fungu la vijana, turuhusuni kumlipia nauli na chakula mzee mmoja kwa kila vijana wanne wanaokuja mafunzoni. Gharama yake ni ndogo kuliko siku 3 za kuhesabu magunia.

Mzee wetu hajarudi kwenye kamati. Tumemwendea mara mbili, pamoja na mchungaji, na mara zote alitukaribisha chai na kubadilisha mazungumzo. Hata hivyo siku za kupokea mzigo huja na kuketi kwenye benchi nje ya ghala. Kijana humpelekea mbegu kiganjani. Mzee huuma punje moja, na akisema bado, gunia hurudishwa juani.