Mji Kamili na Baraza Zake

Ndoto ya mji kamili, uliochorwa kabla ya kukaliwa, haikuishia Uingereza kwa Ebenezer Howard na kitabu chake cha 1898. Sisi wa Mkomani, majirani wa viwanja vilivyopimwa vya Nyali, tutazame Michenzani, Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu wa Ujerumani Mashariki walichora majumba marefu ya ghorofa huko Ng'ambo, na nyumba nyingi za zamani zikabomolewa. Wakaazi walipata makao imara. Hilo si dogo. Lakini baraza za mlangoni, ambako jirani hujuliwa hali, hazikuchorwa. Jina lilibaki la michenza, kama letu la mkoma. Wenye baraza walishauriwa lini?