Semista Ulaya, Chalii wa Karatu

Machalii wa Karatu semista ya nje tunaijua tangu tukiwa madogo, ila tulikuwa tunaiona kwa upande wa pili. Pale Rhotia, ukitoka town kama unashuka Mto wa Mbu, kuna kambi ya School for Field Studies. Miaka nenda rudi wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanatua pale, wanapiga miezi yao kadhaa, wanasomea wanyama na mazingira, halafu wanasepa kwao na alama zinahesabika kwenye digrii. Mchongo wenyewe ndio huo. Mtu anapiga semista moja kwenye nchi ya watu, anarudi kumalizia chuo chake.

Sasa hivi mchongo unatembea na huku kwetu. Tangu 2015 programu ya Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya imewafungulia na wanafunzi wa Afrika. Chuo chako cha Bongo kikiwa na mkataba na chuo cha kule, unaomba, ukipita unasaidiwa nauli, ada ya kule hulipi, na mkononi unashika kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea na nchi. Tangazo linabandikwa ubaoni, linarushwa kwenye magrupu ya chuo, na chalii wetu analipita kama halimhusu. Anakwambia, "Hiyo ya watoto wa Masaki, mwanangu." Hiyo kauli inaniuma kinoma, na ndiyo imenifanya niandike.

Kwa sababu cheki. Ulaya wamehangaika na pande zetu zaidi ya miaka mia. Mwaustria Oscar Baumann alifika kreta ya Ngorongoro 1892. Mwaka 1913 Hans Reck, Mjerumani, alichimba Oldupai akaondoka na mifupa ya binadamu mpaka Ujerumani. Miaka ya 1930 akaja mwingine, Ludwig Kohl-Larsen, akapiga kambi Ziwa Eyasi. Mwaka 1935 akapata vipande vya fuvu la mtu wa kale kando ya ziwa, na 1939 akapata kipande cha taya kule Laetoli. Mzigo wake mkubwa uko Chuo Kikuu cha Tübingen mpaka leo. Eyasi hiyo hiyo, chalii yangu, ambayo wewe unaijua kwa vitunguu vya Mang'ola na malori ya usiku. Watu wamepata udokta kwa vitu vilivyotoka kwenye pango la Mumba, hapohapo Eyasi, na wewe uliyezaliwa pale jirani unaogopa kuomba semista moja?

Ndiyo maana nasema usiende mtupu. Kabla hujasepa, ijue home. Kuna masela wamekulia Karatu, kila asubuhi wanaona Land Cruiser zinapanda geti la Lodoare, na kreta hawajawahi kushuka. Kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Jichangeni mshuke. Pitia jumba la makumbusho la Oldupai, usome kuhusu fuvu alilolipata Mary Leakey Julai 1959 na zile nyayo za Laetoli za miaka zaidi ya milioni 3.6. Kaa na babu wa Kiiraqw akusimulie nyumba za kuchimbwa ardhini walizojificha wakati wa vita vya ng'ombe. Kule darasani ukishasema unatoka Ngorongoro, darasa zima linakugeukia. Watataka kujua watu na wanyama wanaishije pamoja, maji yanatoka wapi, nani anafaidika na utalii. Hapo ukijibu kama mwenyeji, hata profesa anaandika.

Tuje kwenye makaratasi, maana ndiko wengi wanakokwama. Pasipoti ni laki na nusu, unaombea mtandaoni halafu unaenda Uhamiaji. Wanataka kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Na hapo machalii wa kwetu tuna noma yetu ya peke yake: majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hhando, cha fomu foo kimeandikwa Hando, NIDA wamekuandika kivyao. Herufi moja tu, ile h ya pili ambayo mwalimu wa shule ya msingi aliiona imezidi akaifuta, inaweza kukusimamisha wiki kibao ukitafuta wakili wa kukuandikia kiapo kwamba hao watu wawili ni wewe mmoja. Toa vyeti vyote leo, vipange mezani, soma herufi kwa herufi.

Halafu visa. Semista inazidi siku 90, kwa hiyo ile Schengen ya kawaida haikutoshi, unaomba visa ya muda mrefu ya nchi unayokwenda. Kwa Ujerumani unashuka Dar, ubalozini, jengo la Umoja House. Anayejilipia mwenyewe wanamtaka aonyeshe hela ya kuishi iliyofungiwa benki, na tangu 2024 kiwango cha mwaka ni euro 11,904. Hiyo ni zaidi ya milioni 30 za Kibongo. Ukiwa na ufadhili, barua yako ndiyo ushahidi wako wa hela, kwa hiyo itunze kama roho. Na akitokea mshkaji anakwambia ana mtu wake wa kusukuma visa, umpe laki tano tu, kimbia.

Baridi wala isikutishe. Chalii aliyezoea ukungu wa Juni pale juu kwenye ukingo wa kreta, mita zaidi ya 2,200, baridi anaielewa. Koti la maana utalipata mnadani Karatu kwenye mitumba. Lichague kwa mkono: vuta zipu juu chini, geuza ndani uone kama manyoya yamejikusanya chini, angalia kama kofia imeshonewa au ilikuwa ya kuchomoa imepotea. Kinachowapiga watu ni giza. Sisi tuko jirani na ikweta, jua saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili, mwaka mzima. Berlin mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unatoka kwenye pindi, nje usiku, geto kimya, jirani hujawahi hata kusikia anakohoa. Wiki ya tano hivi unaanza kulala mchana na msosi hautaki kushuka. Usijifungie. Toka mchana jua likiwepo, cheza mpira na watu, tafuta Waswahili. Bayreuth, Leipzig na Hamburg kote Kiswahili kinafundishwa vyuoni, na wanaokisoma wana hamu ya kupiga stori na mtu wa kwao kabisa.

Hela inahitaji mazungumzo na mama kabla hujapanda ndege. Euro 850 kwa macho ya Karatu ni mkwanja wa kununulia toyo. Kule chumba kinakula zaidi ya mia tatu, bima ya afya zaidi ya mia, bado nauli na kula. Wajomba watapiga simu. Kaa na familia, waonyeshe hesabu kwenye daftari, kubalianeni kiasi ambacho kikibaki utatuma, na kisipobaki asikasirike mtu. Mzazi wa kwetu akielezwa kwa heshima anaelewa.

Kuna watakaokunong'oneza ujilipue, ubaki hukohuko. Mimi nakwambia rudi. Nafasi yako ilitoka kwenye mkataba wa vyuo viwili, na ukipotea wewe, dogo wa Mbulumbulu anayekufuata ndiye ataulizwa maswali. Najua kwa machalii wa Endulen na pande zile za hifadhi neno kurudi lina uzito mwingine, maana 2022 serikali ilianza kuhamishia familia Msomera, Handeni, na mtu anaweza kusoma mbali huku hajui mwakani atapokewa boma lipi. Huyo ndiye ningependa zaidi aende. Anachojua kuhusu ardhi, mifugo na hifadhi kinatakiwa kisikike kwenye madarasa ambako sera hizi zinajadiliwa bila yeye.

Na masomo yenyewe usiyachukulie poa. Kabla hujaondoka kuna makubaliano ya masomo yanayosainiwa na wewe, chuo chako na chuo cha kule, yanasema utasoma kozi zipi na zitahesabika wapi. Semista kamili kule ni krediti 30. Mkuu wa idara yako asaini kozi moja moja, usikubali ile ya "tutaangalia ukirudi." Kuna watu wamerudi na matokeo mazuri wakaambiwa warudie semista nzima.

Semista ya baridi Ujerumani inaanza Oktoba, kwa hiyo maombi huwa yanafanyika miezi mingi kabla, na dirisha likifunguliwa halikai wazi muda mrefu. Pasipoti inadumu miaka 10. Itafute sasa, kabla tangazo halijabandikwa, na uanze na ile h.