Bahari Yetu, Nahodha Mgeni

Jumamosi ya tarehe 17 Februari 2024 nilikwenda Kawangware kumtafuta mpwa wangu, ambaye mamake alikuwa amenilalamikia kwamba hashikiki nyumbani. Nilimkuta pale pale nilipotarajia: ndani ya banda la mabati karibu na steji ya 46, ambamo vijana hubanana kwenye mabenchi wakicheza michezo ya video. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Kabla sijafungua kinywa, aliniuliza swali lililonivua hasira zote: "Mjomba, Ungwana ni wapi?"

Alikuwa ameshika simu, akitazama picha za mchezo mpya uitwao Skull and Bones, uliokuwa umetolewa rasmi siku moja tu kabla. Ni mchezo wa maharamia wa karne ya 17, na ni wa aina ile inayomwachia mchezaji ulimwengu mzima azurure atakako, apigane na amtakaye, afanye biashara au apore. Bahari yenyewe si ile ya Karibi tuliyozoea kuiona katika filamu. Ni Bahari ya Hindi. Imo Pwani ya Afrika, na katika pwani hiyo mna watu waitwao Ungwana. Vijana wale wa Kawangware, ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari kwa macho yao, walikuwa wamelikuta neno wanalolielewa katika mchezo uliotungwa Singapore.

Mpenzi msomaji, yafaa ujue jinsi mchezo huu ulivyongojewa. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliutangaza mwezi Juni 2017, mpwa wangu akiwa bado yumo shule ya msingi. Ikasemekana ungetoka 2018. Ukaahirishwa hadi 2019, kisha ukaahirishwa tena na tena; ikatajwa Novemba 2022, ikatajwa Machi 2023, na kila tarehe ikapita kama jahazi lionekanalo kwa mbali lisitie nanga. Waliokuwa wamecheza Assassin's Creed IV: Black Flag, ule mchezo wa maharamia uliotolewa 2013 na kampuni hiyo hiyo, walikuwa na njaa ya kurudi baharini. Walingoja karibu miaka saba.

Ulipofika, ulipokewa kwa hisia mseto. Mkuu wa kampuni, Yves Guillemot, alikuwa ameusifu kwa kuupa daraja ya juu kupita ile ya juu kabisa inayotumiwa katika biashara hiyo. Wahakiki hawakukubaliana naye. Walisifu mawimbi, merikebu na mapigano ya mizinga. Lakini wakalalamika kwamba kazi zinajirudiarudia, na kwamba mchezaji hawezi kuirukia merikebu ya adui akapigana kwa upanga sitahani. Haramia asiyeweza kushika upanga, walisema, ni mchuuzi mwenye mizinga.

Mimi si mhakiki wa michezo. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, hawa vijana waliongoja wangeupata lini? Wiki iliyofuata niliteremka Kibera, katika mtaa wa Makina, kwa mtu ninayemfahamu ambaye ana banda la michezo ya video. Alinicheka kwa upole, kisha akanieleza hesabu yake.

Kwanza, alisema, mchezo ulipotangazwa mwaka wa 2017 ulikuwa ni wa PlayStation 4, mtambo alio nao. Ulipotoka, ulihitaji PlayStation 5, ambao hana. Pili, bei yake ilikuwa dola 70, zaidi ya shilingi 10,000 za Kenya kwa kiwango cha siku zile. Kwa fedha hizo yeye hulipa kodi ya banda na kununua tokeni za stima. Tatu, hauchezeki bila ya intaneti, hata kama mchezaji yu peke yake. Hapa akatabasamu. Katika mabanda mengi, alikiri, hutumiwa nakala ambazo hazikununuliwa kwa wenyewe. Kumbe mchezo wa maharamia ndio usioweza kuibwa!

Lakini sababu ya nne ndiyo iliyonikaa moyoni. Kijana huingia bandani na shilingi 20. Kwa fedha hizo hucheza mechi moja ya kandanda, dakika chache tu, kisha humpisha mwenziwe padi. Mchezo wa ulimwengu wazi hudai saa nyingi, siku baada ya siku, na mchezaji awe na mahali pa kuhifadhi safari yake hadi kesho. "Bahari kubwa," akasema mwenye banda, "haiingii kwenye benchi la watu wanane."

Waama, nilitoka pale nikiwaza. Sisi wazazi huyalaumu mabanda haya kwa kuwapotezea vijana muda, na katika baadhi ya nyumba lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ni katika mitaa hii hii alikokulia Brian Diang'a, mwana wa Kibera ajulikanaye kwa jina la Beast, aliyejipatia sifa katika michezo ya mapigano. Na mwaka wa 2018 Mkenya mwingine, Sylvia Gathoni, alisajiliwa na timu ya ng'ambo kuwa mchezaji wake wa Tekken. Kipawa kipo. Kisichokuwapo ni nafasi.

Tena kuna kasoro iliyo kubwa kuliko bei. Mchezaji wa Skull and Bones huanza safari yake ndani ya jahazi dogo, kisha hujitahidi kujipatia merikebu kubwa za mizinga. Jahazi ndilo chombo cha mnyonge. Lakini katika historia yenyewe, vyombo vya aina hiyo ndivyo vilivyoibeba biashara ya Kilwa, Malindi, Mombasa na Lamu kwa karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kufika mwaka wa 1498. Waliokuja na mizinga ndio walioichoma Mombasa mwaka wa 1505, chini ya Francisco de Almeida. Ukiwauliza wenyeji wa wakati ule haramia alikuwa nani, wasingetaja mtu mwenye bendera ya fuvu la kichwa.

Na hakuna haja ya kubuni visa. William Kidd, yule nahodha Mskoti aliyenyongwa London mwaka wa 1701, alifika visiwa vya Komoro mwaka wa 1697. Wakati huo huo Ngome ya Yesu pale Mombasa ilikuwa imezingirwa na Waomani. Mazingiwa hayo yalianza Machi 1696 yakaisha Desemba 1698, huku njaa na maradhi yakiwamaliza waliokuwa ndani. Ni mchezo gani wenye mvuto kuushinda ukweli huo?

Nilimjibu mpwa wangu swali lake. Nilimwambia kwamba uungwana ni hadhi ya mtu huru, na kwamba Ungwana ni mji wa kale uliobaki magofu karibu na Kipini, kwenye mlango wa Mto Tana, katika nchi yake mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mbona wa Singapore walijua, nasi hatujui?"

Sikuwa na la kumjibu isipokuwa aibu. Mkenya Wesley Kirinya alikwisha kuonyesha mwaka wa 2007, kwa mchezo wake The Adventures of Nyangi, kwamba mikono ya kutengeneza michezo tunayo. Walimu wa historia tunao, na wazee wa pwani wenye masimulizi wangalipo. Tukiwatenga hawa watatu, kila mmoja katika chumba chake, tusishangae wageni wakitusimulia bahari yetu kisha wakatuuzia kwa dola.

Likizo ya Aprili ilipofika nilimpeleka kijana Mombasa. Nauli ya daraja la chini ya gari la moshi mwaka huo ilikuwa shilingi 1,500, sehemu ndogo tu ya bei ya ule mchezo. Tulipopanda juu ya ukuta wa Ngome ya Yesu aliitazama bahari kwa muda mrefu, simu ikiwa mfukoni. Hatimaye aliniuliza Waomani walitokea upande gani. Nilimwonyesha.