Je, Wajua? Sumu ya Ndege, Ubongo wa Ng'ombe na Miguu Iliyolala

Katika kamusi, kware ni ndege wa vichakani anayefanana na kuku mdogo. Kwa wakazi wa Kware, Kaunti ya Kajiado, neno hilo linakumbusha machimbo ya mawe ya kujengea, mahali ambapo kuteleza ukingoni kunaweza kumvunja mtu mgongo. Ndege na machimbo, vyote vimo katika habari za leo: dawa zilizojaribiwa ili kuinua miguu iliyopooza.

Je, wajua kwamba mgongo unajua kutembea? Bila shaka umemwona kuku aliyechinjwa akirusha miguu ilhali kichwa kiko pembeni. Ndani ya uti wa mgongo mna ugwe wa neva, mwembamba kama kidole cha mwisho, na sehemu yake ya chini inajua yenyewe kupokezanisha mguu wa kulia na wa kushoto. Mwaka 1911, Thomas Graham Brown wa Uingereza alilionyesha jambo hilo kwa paka. Ubongo hutoa amri ya kuanza na kusimama, tena hulinda mizani. Basi aliyeumia juu ya sehemu hiyo ni kama matatu yenye injini nzima ila waya wa swichi umekatika.

Je, wajua kwamba injini hiyo imewahi kuamshwa kwa vidonge? Pierre Guertin na wenzake wa Quebec, Kanada, walichanganya levodopa na kabidopa, dawa za ugonjwa wa Parkinson, pamoja na buspironi, dawa ya kutuliza wasiwasi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watu 45 waliopooza miguu walijitolea. Baadhi ya waliopewa mchanganyiko huo, wakiwa wamelala chali, misuli ya miguu yao ilianza kupiga kwa mdundo kama wa mtu anayetembea. Hakuna aliyeinuka kitandani akaenda zake, lakini ilionekana kwamba injini haijafa.

Je, wajua kwamba dawa ya hamu ya kula nayo imo? Siproheptadini ni dawa ya mzio, na katika maduka mengi ya dawa nchini hununuliwa na wanaotaka kunenepa. Mwaka 1990, watafiti wa Montreal waliripoti kwamba iliwapunguzia baadhi ya wagonjwa wa uti wa mgongo mikakamao ya misuli, wakaweza kupiga hatua vizuri zaidi.

Je, wajua kwamba sumu ya ndege iligeuka dawa ya kutembea? Aminopiridini iliuzwa Marekani kwa jina la Avitrol, ikichanganywa na nafaka. Ndege aliyeidonoa alitapatapa na kupiga kelele mpaka kundi zima likatawanyika. Kwa kipimo kidogo, husaidia neva iliyochunika ganda kupitisha ujumbe usivujie njiani. Mwaka 2010, Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa wa ugonjwa unaokula ganda la neva, yaani multiple sclerosis, ili watembee haraka zaidi. Kwa waliovunjika uti wa mgongo, majaribio makubwa hayakufaulu.

Je, wajua kwamba hata ubongo wa ng'ombe umejaribiwa? Huku umasaini ng'ombe ni mali. Maabara ziliutaka ubongo wake, zikatoa humo mafuta yanayoitwa GM-1. Jaribio la mwaka 1991, lenye wagonjwa wasiofika 40, liliwapa watu matumaini makubwa. Miaka 10 baadaye lilitoka jaribio la wagonjwa zaidi ya 700, na faida iliyotarajiwa haikuthibitika.

Je, wajua kwamba saa 8 ziliwahi kuwa kila kitu? Mwaka 1990, utafiti wa Marekani ulisema methiliprednisoloni ikidungwa ndani ya saa 8 baada ya ajali hupunguza madhara. Hospitali nyingi duniani zikaishika. Mwaka 2013, madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani walishauri isitumike kwa jeraha la uti wa mgongo, kwa kuwa hatari zake zilionekana kuzidi faida.

Je, wajua kwamba barabara ya Namanga ina historia katika jambo hili? Juni 2012, Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi mwaka 2004, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, safari ya zaidi ya kilomita 4,000. Njia aliyoishika ndiyo inayokatiza Kitengela na Kajiado. Alikuwa akichangisha shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha matibabu ya uti wa mgongo nchini.

Mpaka leo hakuna kidonge kinachomrudisha aliyekatika ugwe kwenye miguu yake. Anayekuuzia hicho anakuuzia hewa. Kilichopo ni mazoezi, kumgeuza mgonjwa mara kwa mara asipate vidonda, na uangalifu wa saa ya kwanza. Mtu akianguka machimboni au kwenye bodaboda, msimkalishe wala msimkunje kiti cha nyuma cha probox. Shikeni kichwa kisitikisike, mgongo unyooke, mlazeni juu ya ubao au mlango, kisha mpelekeni hospitali. Neva iliyobaki nzima ndiyo inayotafutwa na dawa zote hizi. Msiikate ninyi mkiwa mnambeba.