Kila Herufi na Hadithi Yake

Ulipoanza shule ulifundishwa a, e, i, o, u, na baada ya muda si mrefu ukaweza kusoma neno lo lote la Kiswahili. Sasa mfikirie mtoto wa Japani. Yeye huanza na aina mbili za herufi za silabi, kila aina herufi 46. Kisha huingia katika msitu mkubwa uitwao kanji, yaani alama zilizotoka Uchina zamani, kila alama na maana yake. Katika miaka sita ya shule ya msingi hujifunza 1,026. Na orodha ya kanji za matumizi ya kila siku, kama ilivyotengenezwa upya mwaka 2010, ina 2,136.

Mtoto ana miaka mingi ya kuzizoea. Lakini mtu mzima aendaye Japani kusoma au kufanya kazi atafanyaje? Wengi huandika kanji moja mara hamsini, wakalala, na asubuhi wakaona imetoweka. Ndipo husema, "Kichwa changu ni kizito," wakaacha. Usiwacheke. Kosa si la kichwa, ni la njia. Mkono umechoka, lakini akili haikupewa kitu cha kushika.

Basi, iko njia nyingine: ipe kila kanji hadithi. Tazama mifano hii.

Alama 木 ni mti. Miti mitatu, 森, ni msitu. Sasa weka mtu kando ya mti: 休. Anafanya nini pale? Mkulima ye yote atakujibu: anapumzika kivulini. Na maana yake ndiyo hiyo, kupumzika. Je, utaisahau?

Hata neno "kusahau" lina alama yake: 忘. Juu ni kufa, chini ni moyo. Jambo likifa moyoni, limesahauliwa. Vipande hivyo hivyo ukivipanga ubavu kwa ubavu, moyo ukakaa kushoto na kubadili umbo kidogo, unapata 忙, maana yake kuwa na shughuli nyingi. Sema hivi: mwenye shughuli nyingi hukimbia huku moyo wake umekufa ubavuni.

Hadithi husaidia zaidi pale kanji zinapofanana. Hii 寺 ni hekalu. Ukiongeza jua, 時, ni wakati. Ukiongeza mkono, 持, ni kushika. Jua likifika penye hekalu, kengele hulia, watu wakajua wakati. Nayo kengele hailii mpaka mkono ushike kamba.

Mmoja wa walioieneza sana njia hii ni James Heisig, Mmarekani aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Nanzan mjini Nagoya, chuo kilichoanzishwa na wamisionari Wakatoliki. Kitabu chake cha kanji kilitoka mara ya kwanza katika miaka ya 1970. Shauri lake ni hili: jifunze kwanza vipande, kila kipande ukipe jina, kisha viunganishe kwa hadithi. Na hadithi uliyoitunga mwenyewe ndiyo ikaayo.

Lakini jihadhari na mambo matatu. Kwanza, usidhani kwamba hadithi yako ni historia. Wanafunzi husema 東, mashariki, ni jua linalochomoza nyuma ya mti. Wataalamu husema zamani ilikuwa picha ya mfuko uliofungwa. Pili, hadithi hukupa umbo na maana, haikupi matamshi. Ile 木 husomwa "ki" ikiwa peke yake, bali ndani ya maneno mengine huwa "moku" au "boku". Hayo utayapata kwa kusoma na kuzungumza. Tatu, kurudia hakukwepeki: rudia kesho, rudia juma lijalo. Hadithi ni fimbo ya msafiri. Siku utakapoweza kutembea bila hiyo, utaiweka kando bila kujua.

Basi, wewe uliyekata tamaa, chukua kalamu usiku huu. Andika mtu, andika na mti kando yake. Kesho asubuhi, kabla ya chai, andika tena bila kutazama.