Uzito Unaolalia Kiungo

Anayenunua tela la kulala huko Marekani huulizwa dukani tela zima lina uzito gani, kisha huuziwa kiungo cha kugawa uzito kwa namba hiyo. Swali halitoshi. Linaloamua ni uzito ambao shingo ya tela inaulaza juu ya gari, na kwa matela ya huko unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya tela likiwa limeshapakiwa.

Chukua tela la kilo 3,000. Kwa asilimia 12, gari linalaliwa na kilo 360, tena nyuma kabisa ya ekseli yake ya nyuma. Nyuma inabonyea, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na usiku taa zinamulika matawi ya miti. Fito za springi za kiungo zikikazwa kwenye fremu ya tela, zinarudisha sehemu ya uzito huo kwenye tairi za mbele za gari, na sehemu nyingine inakwenda kwenye ekseli za tela. Hakuna kilo inayopotea, wala ekseli na tairi za gari hazipati nguvu mpya.

Ukiwa na kilo 90 za mizigo nyuma ya ekseli ya nyuma ya pikapu, jumlisha na zile 360: kilo 450. Hapo fito za pauni 1,000, yaani karibu kilo 454, zinafaa. Wengi hununua nzito zaidi kwa kujihami, kumbe fito ngumu kupita kiasi hurusharusha gari na kuchosha fremu ya tela. Kama tela lina breki za kusukumana, uliza kwanza kama kiungo kinaelewana nazo.

Kuzuia tela lisiyumbe ni kazi nyingine. Kifaa cha bei nafuu ni ufito wa msuguano unaofungwa pembeni. Unasaidia, ila lazima uufungue kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali, na watu husahau. Kwa familia nyingi ningechagua kiungo ambacho msuguano umo ndani ya mfumo wenyewe, kama Equal-i-zer. Viungo vya Hensley na ProPride hubadilisha mahali tela linapopindia, hivyo upepo wa lori linalopita hauwezi kulisukuma kirahisi. Ni vizito na ghali, lakini kwa tela refu nyuma ya gari fupi vina haki ya bei yake.

Hata hivyo, msukuma mkokoteni yeyote wa Kariakoo anajua kwamba mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, mpini humnyanyua. Tela lililopakiwa hivyo litayumba, na kifaa kizuri kitakufichia tu tatizo hilo hadi siku ya mwendo mkali na upepo wa pembeni.

Baada ya kufunga kiungo, pima kimo cha bodi juu ya tairi ya mbele gari likiwa bila tela, likiwa na tela, kisha fito zikiwa zimekazwa. Kitabu cha gari kinaeleza kimo kirudi kiasi gani. Halafu pita kwenye mizani ya malori. Tela likianza kuyumba njiani, shika usukani bila kupigana nao, ondoa mguu kwenye mafuta, na bonyeza breki ya tela peke yake kwa kidhibiti chake cha mkono kilicho ndani ya gari.