Kutembea tena kisha AVC: miezi ya kwanza haingojee

Mwenzetu mmoja, shofere wa kamyo kubwa ku kariyeri hapa Kolwezi, alianguka asubuhi mbele ya kuanza kazi. Mukono na muguu wa kuume vikalegea, mudomo ukapinda. AVC. Kisha majuma matatu, sisi wa sendika tulienda kumuona nyumbani. Tulimukuta amelala chali, bibi yake anamulisha, watoto wanamugeuza. "Apumuzike kwanza, nguvu itarudia," mama alituambia. Walifanya vile kwa upendo. Lakini nguvu hairudie kwa kulala.

Tulimuuliza munganga wa kine, yule mwenye kufundisha mwili kutembea tena. Alitufasiria hivi: ukubwa wa kidonda ndani ya ubongo na umri wa mugonjwa, hivyo hatuwezi kuvibadilisha. Lakini kuna alama mbili za kuangalia katika siku tatu za kwanza. Mugonjwa anaweza kukaa peke yake bila kuegemea? Anaweza kusogeza muguu uliolegea, hata kidogo? Mwenye kuweza yote mbili, tumaini ni kubwa kwamba atatembea peke yake ndani ya miezi sita. Asiyeweza, musimukatie tamaa: apimwe tena na tena, juu wengine wanachelewa kuanza.

Mambo ingine iko mikononi mwetu. Mwili unarudisha mengi zaidi katika miezi mitatu ya kwanza. Daktari akisha kutoa ruhusa, mugonjwa akae, asimame, apige hatua akishikiliwa, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Musimuvute kwa mukono uliolegea, mutaumiza bega. Dawa ya tansio isikosekane: AVC ya pili inaweza kubomoa yote. Na akinyamaza, akikataa kula, akilia bure, musiseme ni uvivu ao bulozi. Huzuni ile ni ugonjwa wenye kutibiwa.

Sasa neno kwa wakubwa wa kazi. Kampuni ya mwenzetu ililipa kitanda cha hospitali. Kine ya kisha kutoka, hapana. Barua yetu ililala ofisini mwezi muzima, na mwezi ule ulikuwa mumoja wa ile mitatu. Tunaomba kine ilipwe tangu juma la kwanza.

Leo mwenzetu anafika mulangoni na fimbo, bibi yake akimufuata nyuma bila kumugusa. Kufika barabarani, bado. Mwenye kuwa na mugonjwa kama huyu nyumbani, apitie kwa delege wake leo, si mwezi ujao. Tutaandika barua pamoja.